Kijani Kilichofifia

Aliyeongeza maji ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji asihangaike kumtafuta mwizi.

Dada yangu Nerima, aliyeolewa kijijini Iyolwa, alikuwa na saratani ya kongosho. Ukimwambia aonyeshe panapouma, kidole hakikutosha. Alipitisha kiganja kizima tumboni, kikazunguka mpaka mgongoni. Musawo Aanyu, nesi wa kituo cha afya, alisema maumivu ya viungo vya ndani ndivyo yalivyo, hayakai mahali pamoja. Vidonge vya kutuliza msokoto vilishindwa. Ndipo akampa mofini ya maji, ya kijani, ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa. Kipimo kimoja kila baada ya masaa manne, maumivu yawepo yasiwepo. Na unga wa mbegu za papai, maana dawa hiyo hufunga choo.

Siku tatu Nerima alikula. Alimwambia mumewe, Okedi, kwamba ugali wake ungefaa kujengea choo.

Mimi, niliyekuja kumuuguza, nilikuwa naitazama chupa. Nakumbuka mwaka wa ugonjwa wa ini wa mama yetu, Jovia, dawa hii hii ilipokosekana kituoni wiki saba. Nakumbuka majina ya waliotuambia tusubiri, na tai zao. Nimewataja katika kila mkutano tangu siku hiyo na hakuna aliyewajibishwa. Nikajiambia haitakwisha tena nikiwapo. Miaka kumi niliuza petroli ya magendo pale Busia. Najua lita tano zinavyogeuzwa saba kwa mafuta ya taa, na pikipiki inawaka tu. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikaigawa dawa katika chupa mbili, nikazijaza zote. Moja nikaifungia kabatini.

Kesho yake Nerima akaanza kuuma ncha ya leso. Hakulia. Kwetu hatulii. Siku ya pili Okedi akasema dawa ya serikali ni feki, wameuza ile halisi. Majirani wakanigeukia: Mangeni, kupigania dawa si kazi yako? Ningeweza kukiri hapo hapo. Nilichukua chupa nikaondoka.

Njiani hotuba yangu ya mikutanoni ilijipanga yenyewe. Miaka ishirini naitoa, hainihitaji tena. Nilipofika kituoni niliitoa yote mbele ya foleni, wezi ni nani na wagonjwa wanakufaje, na watu wakatikisa vichwa kuniunga mkono.

Aanyu hakubisha. Aliichukua chupa yangu, akaiweka dirishani kando ya chupa yake. Yake ilikuwa kijani cha jani la mgomba. Yangu ilikuwa kama maji yaliyooshewa sukuma wiki.

“Rangi tunatia makusudi,” alisema, “nguvu yake ionekane kwa macho. Nani ameongeza maji?”

Nilisubiri aibu inishike. Hakuna kilichokuja. Mkono ulining'inia tu, mzito, kama nimebebeshwa wa mtu mwingine.

“Ni mimi. Nilikuwa naiweka isiishe.”

“Ulikuwa unamwekea nani?”

Aliandika jina la Nerima kwenye chupa mpya, akaniambia ile ya kabatini niirudishe.

“Hii ikikaribia kwisha, kuja. Ikikosekana, kuja tupige kelele pamoja. Lakini usiipime kwa woga wako.”

Nilifika Iyolwa jua likiwa kichwani. Nilimpa Nerima kipimo kamili kwa bomba la sindano lisilo na sindano, Okedi na majirani wakitazama. Kisha nikawaambia. Okedi alitoka nje. Mmoja mmoja majirani nao wakakumbuka mbuzi wao.

Baada ya nusu saa hivi kiganja cha Nerima kiliacha kutembea tumboni. Alinitazama kama anayeangalia kiti.

“Siku mbili, Mangeni,” alisema. “Na ilikuwa hapo kwa kabati.”

“Ndiyo, dada.”

Akalala, leso imemtoka mdomoni, imejaa matundu ya meno. Niliichukua nikaikunja. Halafu nikageuza kiti kielekee saa ya ukutani, nikaanza kuhesabu masaa manne.