Miiba ya Bibiane

Bibiane alipiga goti kwenye umande ulioganda, akashika mche wa mwaloni, akautazama kama mama anayemtazama mwanawe aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Ncha haikuwapo. Akaenda kwa wa pili: haikuwapo. Alipofika katikati ya kipande chake cha msitu aliacha kutazama, maana yote ilikuwa imepitia kwa kinyozi yuleyule.

"Eh, maman Bibiane!" Tonton Onésime, mjomba wa kila mtu na mkuu wa kikosi cha upandaji, alikuwa anakuja kati ya miti mirefu ya msitu wa Soignes, kando ya Brussels, mikono mfukoni. "Shamba yako iko safi kama meza ya padri. Paa bamekaa, bamekula, bamesema merci."

"Usinicheke, tonton."

"Sikucheki. Niko nalia, ni meno tu iko inje."

Tangu Oktoba ile ya 1995 Bibiane alikuwa ameng'oa kila kichaka cha ronce, miiba inayotambaa msituni na kuzaa matunda meusi. Kwao Kabare, kule Kivu, mwanamke hujulikana kwa shamba lake. Gugu moja likionekana kutoka barabarani, jina la mama yako linaingia midomoni mwa watu. Brussels ilikuwa imemfundisha kupiga deki ngazi za wengine na kunyamaza. Kipande hiki, cha kwanza kukabidhiwa peke yake, kilimrudishia jembe. Alikipalilia kama mtu anayejibu matusi.

"Njoo uone ya kwangu," Onésime alisema.

Cha Onésime kilikuwa aibu tupu, miiba mpaka kiunoni. Lakini ndani yake mialoni ilisimama na matumba yake yote, ya kahawia, yamefumba kama ngumi za kitoto.

"Paa haiko ng'ombe, maman. Ng'ombe anafagia. Paa iko na tumbo kidogo, inachagua, tumba hapa, jani kule, kama bourgeoise mwenye pesa kwenye soko. Ronce inabakia kijani hiver yote, baridi yote. Ni chakula yake, na ni nyumba yake, mule inajificha mbwa ya batu. Weye umetupa chakula, umevunja nyumba, umeacha nini? Miti ya kitalu, laini, yenye kunoneshwa. Alors?"

"Ulinambia mu Oktoba niache miiba."

"Nilikwambia."

"Nilifikiri ni uvivu."

Onésime alicheka mpaka kunguru akahama mti. Kisha akageuka kutazama njia. Kesho mlinzi wa msitu angepita, na aliyeharibu kipande hunyang'anywa, anarudi kubebea wenzake vigingi.

"Bon. Tutasema ni baridi. Baridi haina avocat wa kuitetea."

Bibiane aliuangalia mkono wake uliokuwa bado na udongo wa kipande chake.

"Hapana, tonton. Baridi haikushika jembe."

Kesho yake alimwambia mlinzi mwenyewe, mgongo wima, kwa Kifaransa alichokifanyia mazoezi kwenye tramu. Mimi ndiye niliyeng'oa. Nipe miche mingine, palepale. Mlinzi, mzee wa maneno machache, aliitazama ardhi tupu.

"Na ronce?"

"Nitairudisha."

Akampa miche, na onyo: hii ikiliwa, hakuna mingine wala kipande.

Basi binti wa Kabare akapanda magugu. Aliyachimbua kando ya njia na mizizi yake, akayapanga kuzunguka mialoni, akayamwagilia maji! Miiba ilimchana mpaka kwenye viwiko, naye akaitukana kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa mkaidi. Majira yakazunguka, baridi ikaja na kupita.

Juni ya mwaka uliofuata, Jumapili baada ya misa, wanawake wa kikundi chake cha sala cha mtaa wa Ixelles walipanda tramu kuja kuliona shamba waliloimbiwa kila wiki. Mbele alitangulia Gracieuse, bangili tele, sauti ya kuamsha mtaa.

"Iko wapi sasa?"

"Ni hii."

"Hii?" Gracieuse alishika kichwa. "Bibiane, mwenye yake alikufa lini?"

Wote wakaangua kicheko. Bibiane alicheka pamoja nao, tena akachelewa kuacha.

"Mwenye yake ni miye."

Alipandisha mkono wa blauzi, akapenya miiba na kuitenga. Mwaloni ulikuwa ndani, ncha yake nzima, majani mapya yaking'aa. Akatenga kwingine. Mzima. Wa tatu ulikuwa umeonjwa kidogo, akaupapasa, akaendelea. Wa nne, mzima.

"Muti nilipanda miye. Na miiba, miye pia."

"Miiba ulipanda? Na mikono yako?"

Bibiane aligeuka. Akainua kidole, watulie.

Hatua chache mbele majani yalitikisika. Paa jike, mwekundu wa kiangazi, aliinua kichwa kutoka kwenye ronce. Alichuma jani, akaliruka la pili, akachagua la tatu. Chini ya tumbo lake kitoto chenye madoa meupe kilijisogeza, kikatulia.

Taratibu, Gracieuse alizishika bangili zake kwa mkono wa pili, zisilie.