Kidole Kipite

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni kliniki ya watoto, mgongoni nimebeba mche wa nyanya.

Haikunishangaza. Kina mama wote pale walikuwa na nyanya mgongoni, nyingine changa kabisa, majani mawili tu, zimevalishwa kofia za sufu. Kilichonisumbua ni kwamba mbeleko niliyofunga ni ya Tausi, na Tausi hayumo, na sikumbuki nimemwacha na nani.

Tausi ni mwanangu. Ana mwaka na nusu na hajapiga hatua. Tangu siku alipoteleza akitambaa kwenye ngazi ya saruji akapasuka mdomo, sijamweka chini tena. Napika naye, nafua naye, jioni naenda naye darasa la kilimo cha bustani, yuko mgongoni. Mama mkwe wangu, Bi Hidaya, husema, "Huyo mtoto ataolewa akiwa mgongoni." Nacheka. Kisha nakaza mbeleko.

Mbele ya foleni amekaa nesi. Ni kopo la kumwagilia maji, limevaa gauni jeupe, na kila likisema neno linatulowesha sote. Tunajipangusa kwa adabu.

"Mama Tausi! Lete mgonjwa."

"Si mgonjwa, sista. Tumekuja kupima tu."

"Wote husema hivyo."

Anauvisha mche wangu ile kaptura ya kupimia, anautundika kwenye mzani. Mizizi inaning'inia panapotokea miguu. Mche unalia kidogo, kama wanavyolia wote wakitundikwa.

"Aina gani huyu?"

"Nyanya."

"Hilo naliona, sikudhani ni papai. Fupi au ndefu? Fupi hufika kiunoni, akazaa zake kwa pamoja, akamaliza. Huyo unamsimamishia kijiti akielemewa na mzigo, basi. Ndefu hana kumaliza. Anapanda tu mpaka msimu umkute huko juu, na asipopewa mti wa kuegemea analala chini anaoza. Wako yupi?"

Nautazama mche. Mbegu nilizitoa kwenye nyanya za sokoni, nikazianika juu ya gazeti, nikazipanda kwenye madumu uani. Sikuuliza.

"Sijui, sista. Wote nimewafunga sawasawa."

Foleni nzima inaguna.

Bi Hidaya yupo nyuma yangu. Yeye hajabeba kitu. Nyanya yake, ya zile ndogondogo za ukubwa wa gololi, inamfuata yenyewe, inatambaa ukutani.

"Huyu wangu kajiotea nyuma ya bafu," anamwambia nesi, kwa maringo. "Sijamfunga hata siku moja. Kashika dirisha mwenyewe, kashika kamba ya nguo. Sasa kashika kilemba changu."

Kweli, kilemba kilikuwa kinakwenda.

"Na matunda yake ya chini yanaliwa na konokono, bibi," nesi anasema. "Naye alitaka pa kuegemea."

Bi Hidaya akanyamaza. Hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba naota.

"Sasa tumwite Kidole," nesi anasema.

Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha: ukifunga nyanya kwenye mti wake, acha nafasi kidole kipite. Niliandika, nikapigia mstari. Sasa Kidole mwenyewe anaingia. Amevaa tai. Anasimama mbele ya fundo langu kwenye shina la mche, anakohoa.

"Hodi. Naomba kupita."

Fundo halijibu.

Anajaribu kwa ubavu. Anavua tai, anatanguliza ukucha, ukucha unakwama. Anageuka kwangu kwa masikitiko ya kiofisi.

"Mama Tausi, hapa hapapitiki."

"Sikukaza mimi! Siku niliyofunga, nafasi ilikuwepo. Naapa."

"Naamini. Shina limenenepa."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kamba hainenepi," anasema, huku akifunga tai yake. "Kufunga ulifunga vizuri, mama. Hukurudi kulegeza."

Anasogeza kamba. Shina limebonyea kama kiuno cha nyigu.

Nikageuka kumtafuta Tausi, na kliniki haipo. Niko darasani, kwenye dawati langu la jioni. Kwenye kiti cha mwalimu umekaa mpini wa ufagio, ule niliouchomeka kwenye dumu la mwisho uwe egemeo.

"Shikamoo," nasema. "Umemwona mwanangu?"

"Marahaba. Ninaye."

"Wapi?"

"Nimefungwa naye. Sijui kama anasimama yeye au nasimama mimi. Kwa jinsi ulivyotukaza, hata yeye hajui."

Nainamisha macho, na sakafu ya darasa ni udongo wa uani kwetu. Tausi yumo kwenye dumu la mwisho, amefukiwa mpaka vifundoni, mbeleko imemzunguka yeye na mpini kuanzia magotini hadi kwapani. Nyuma ya sikio lake limechipua jani. Tausi ninayemjua husema "mama" na "maji" basi, lakini huyu anaongea taratibu, kama karani wa benki.

"Mama, mimi ni fupi au ndefu?"

"Sijui, mwanangu."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Mpaka ukue."

"Basi legeza tuone."

"Utaanguka."

"Nitaanguka," anakubali, bila kinyongo. "Lakini mti si upo?"

Sifungui, nalegeza. Nakizungusha kitambaa kama namba nane, duara moja la Tausi, duara moja la mpini. Kidole anakuja, anabisha hodi, anapita. Anarudi, anapita tena, kwa raha zake tu.

Tausi anavuta mguu mmoja. Udongo unauachia kwa sauti kama ya busu.

Nikaamka.

Kumekucha. Uani Bi Hidaya anafagia ameinama, ananung'unika, kwa sababu mpini wa ufagio nimeupa nyanya. Tausi amelala pembeni yangu, fofofo, mguu umetoka nje ya shuka. Nikaushika nimfunike.

Unyayo wake una udongo. Mweusi, mbichi, wenye chembe za majivu, yale ninayochanganya mwenyewe kwenye madumu.

Sikumpangusa. Nilimbeba mikononi nikatoka naye, nikamsimamisha kando ya dumu la mwisho. Akaushika mpini.

"Mbeleko iko wapi?" Bi Hidaya akauliza.

"Iko msumarini, mama."

Akanyamaza, na safari hii nilikuwa macho.

Nikamwachia Tausi. Nikarudi nyuma kiasi cha kidole kupita. Kisha nikarudi zaidi.