Szukam

Tangu Bogusz aanze kuoka mikate ng'ambo ya mto, upande wa Wacheki, jina la Milena halikumtoka mdomoni. Milena kasema hivi, Milena kacheka vile. Mkewe Ludwika, aliyeletwa na ndoa kutoka kaskazini kabisa mwa Polandi hadi Cieszyn, mji wa mpakani, kila alipolisikia jina hilo aliisukuma sahani kando.

Siku moja Bogusz akachelewa chakula cha mchana. Ludwika akazima jiko, akavaa koti, akavuka daraja mbiombio huku wivu ukimchemka.

Duka lilijaa wateja. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa mashavu mekundu, unga hadi viwikoni. Ndiye huyu, Ludwika akajisemea, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa mzuri kweli.

"Szukam Bogusza!" akasema kwa Kipolandi, kwa sauti ya mwenye mali. Namtafuta Bogusz.

Duka zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akajipiga paja. "Hongera, mama!"

Kumbe wote wanajua, Ludwika akawaza, kipofu ni mimi tu. "Mnacheka nini? Szukam mume wangu mwenyewe! Kuna ubaya?"

"Ubaya uko wapi!" mzee akajibu, machozi yakimtoka. "Endelea hivyo hivyo!"

Milena akamshika mkono, akamvuta hadi kwenye tanuri. "Dada, nyamaza, utatuua. Kwenu neno hilo ni kutafuta. Kwetu ni mambo ya kitandani, tena kwa lugha ya matusi. Umewatangazia watu unachomfanyia mumeo."

Ludwika alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini hakusahau lililomleta. "Na wewe je? Una nini naye?"

Milena akajifuta unga, taratibu. "Laiti ningekuwa nacho. Majira ya baridi nilimjaribu. Akaniambia, 'Nina mke,' akaendelea kukanda unga. Kwa hiyo usinitolee macho. Mwenye wivu hapa ni mimi."

Bogusz akaingia kwa mlango wa uani, gunia begani. "Wika!" akamwita mkewe kwa jina lake la kifupi. "Kuna nini?"

"Twende ukale," Ludwika akamjibu.

Alimwamini mumewe, akamwamini hata Milena. Lakini juma lililofuata alikwenda kuomba kazi ya kuosha trei pale pale dukani. Milena akamrushia aproni.