Magoli ya Pekupeku

"Kuni zimepanda," alisema Bi Mwanahawa kabla Mwanaheri hajaweka hata mkono kwenye mzigo. "Usinitolee macho. Bwana Misitu kaongeza ushuru, na mie naongeza."

"Lakini juzi tu, bibi..."

"Juzi si leo. Chukua nusu mzigo au acha." Muuza kuni akashika kiuno, akapaza sauti ili waliopanga ndoo bombani wasikie. "Kwani leo si ndiyo siku yenyewe, mwali? Kombe linalala kwenu leo, au tukuwekee ubani mpaka mwakani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwanaheri akafunga nusu mzigo, akajitwisha, akaondoka. Majibu alikuwa nayo, tena ya kuchoma, lakini alikwenda nayo nyumbani kama siku zote.

Temeke nzima ilijua habari yake. Baba yake, Mzee Kibwana, alikuwa mwenyekiti wa Nyota ya Temeke, timu ambayo watu walitembea kwa miguu kutoka Ukonga na Gongo la Mboto kuja kuitazama. Hata mahasimu walikubali kwamba hakuna waliocheza vile. Na haikuwahi kuchukua kombe. Fainali ya kwanza refa alikuwa karani wa ofisi moja na wapinzani. Ya pili, Mwishehe, mfungaji wao, alipelekwa Kilosa na tajiri wake wa ghala la mkonge siku mbili kabla ya mchezo, akarudishwa mchezo ulipokwisha. Ya tatu mvua iliuvunja mchezo wakiwa wanaongoza, kamati ikaamuru urudiwe Jumatatu mchana, vibarua wote wakiwa kazini. Waliofika uwanjani hawakutimia hata nusu ya timu.

Mwishehe ndiye aliyekuwa amemposa Mwanaheri, na posa ilikwisha kubaliwa. Lakini baada ya ile fainali ya pili Mzee Kibwana aliapa barazani, mbele ya wachezaji na majirani, kwamba binti yake haozwi mpaka kombe lilale nyumbani kwake. Alidhani anamtia kijana uchungu wa kufunga magoli. Tangu hapo wenzake Mwanaheri walizaa, wengine wakarudia. Yeye akawa anafua jezi.

Alipofika nyumbani alitua kuni uani, akatia makaa kwenye pasi. Jezi zilikuwa nyeupe kwa buluu ya kufulia aliyozisuuzia. Ukumbini, ukutani, kulikuwa na kabati dogo la mvule ambalo baba yake alimtengenezesha fundi, lenye nafasi moja tu katikati. Kila Ijumaa Mwanaheri alilipaka mafuta ya nazi. Halikuwahi kuwekwa kitu.

Hajamaliza jezi ya tatu, kengele ya baiskeli ikalia nje. Alikuwa Bwana Leodegar, karani wa kamati ya kombe, mtu wa bara, kaptula yake imenyooka kama karatasi.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Mzee Kibwana barazani.

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimetumwa." Akafuta jasho. "Kamati imeamua kwamba leo hakuna kucheza pekupeku. Kila mchezaji avae njumu."

Mzee Kibwana alicheka, akidhani ni utani. "Mwaka mzima tumecheza pekupeku. Tumewafunga wenye njumu, tukawafunga tena."

"Najua, mzee. Lakini kombe atalitoa Memsahibu mwenyewe, mke wa Bwana Mkubwa. Mwenyekiti wetu anasema mama yule hawezi kumpa mkono mtu mwenye nyayo za matope."

"Kwani anaupa mkono mguu?"

Leodegar hakucheka. "Wasio na njumu hawaingii. Mimi ni mtu wa kutumwa tu, mzee wangu."

Mwanaheri, kule ndani, alikuwa amesahau pasi juu ya jezi. Aliinyanyua aliposikia harufu ya kuungua. Palikuwa na alama ya kahawia begani mwa jezi.

Mwishehe alipofika alikasirika hata akashindwa kukaa. "Tusiende! Wacheze wao na njumu zao!"

"Tutakwenda," alisema Mzee Kibwana. "Na tutavaa. Wametaka viatu, tuwape viatu. Mwaka huu sitaki wapate hata uzi wa kutushikia."

"Mguu usiozoea kiatu haupigi mpira, mzee."

"Utazoea njiani."

Basi asubuhi ile yote Temeke ikapinduliwa kutafuta viatu. Askari mmoja wa gereza la Ukonga aliwaazima buti zake kwa sharti zirudi kabla ya jua kuzama. Mwalimu Adelard wa misheni akatoa jozi mbili zilizokauka kama mbao. Nyingine zilikuwa buti za vita, fundi akazipigilia vipande vya ngozi chini. Mwishehe, mwenye mguu mpana wa kubeba mizigo, alipata kiatu kimoja cha askari na kingine cha marehemu fulani. Mwanaheri alimpa matambara ya kufungia vidole. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusimama karibu.

"Vinabana?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Vinauma kama siafu." Akamtazama. "Mwambie mama yako aloweke mchele. Leo nawafunga hata na magongo."

Uwanjani wanawake walisimama nyuma ya kamba. Makarani wa mjini, wapinzani wao wa fainali, walitoka na njumu zinazong'aa, wakakimbia kwa raha. Nyota ya Temeke walitoka wakichechemea. Watu wakacheka, kwanza wa upande wa pili, halafu hata wa kwao.

"Wamevaa sufuria!"

"Bibi harusi huyo, viatu vinamtoa machozi!"

Ilikuwa aibu. Mpira uliotii miguu yao mwaka mzima sasa uliwakimbia. Mwishehe alipiga hewa, akaanguka chali. Mpaka mapumziko walikuwa wamefungwa mawili bila. Mzee Kibwana alisimama pembeni, midomo imebana, mikono nyuma.

Kipindi cha pili kilipoanza, Mwishehe alikaa chini katikati ya uwanja. Akafungua kamba. Akakitupa cha askari, akakitupa cha marehemu, akainuka. Mmoja akafuata, kisha wote. Refa aliangalia meza ya kamati, hakuona mkono ulioinuliwa, akaacha mchezo uendelee.

Mwanaheri hakuwahi kupiga kelele mbele za watu. Siku ile alipiga. Mpira ulikwenda kama uliokuwa ukisubiri ruhusa: mguu huu, mguu ule, kifua, chini tena. Goli la kwanza refa alipuliza kipenga, akaonyesha kati. La pili, kipenga, kati. La tatu Mwishehe alimpiga kipa chenga hadi kipa akakaa chini, akausukuma mpira kwa kisigino. Kipenga, kati. Matatu kwa mawili. Mchezo ukaisha.

Watu walikwisha vamia uwanja, Mwishehe yuko juu ya mabega, Leodegar alipopanda kwenye kiti mbele ya meza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa akimnong'oneza kutoka nyuma.

"Tafadhali! Tafadhali!" Karani alipunga mikono. "Kamati imeamua. Magoli ya pekupeku hayahesabiki. Bingwa ni Makarani, mawili kwa sifuri."

"Refa kapuliza!" alipaza sauti Mzee Kibwana. "Kapuliza mara tatu, wote tumeona! Kwa nini hakuzuia mchezo?"

Refa alikuwa anafunga kamba ya kiatu chake. Leodegar hakumtazama mzee. Askari wenye rungu wakasogea mbele ya meza, Memsahibu akatabasamu, kombe likaenda kwa watu waliokuwa na nyayo safi.

Mzee Kibwana hakulitazama. Viatu vilikuwa vya kuazima. Alizunguka uwanjani na gunia, ameinama, anaokota kimoja kimoja, huku wengine wakipiga makofi.

Desturi ya klabu ilikuwa kuwalisha wachezaji baada ya fainali, washinde washindwe. Uani, Bi Tabu, mama yake Mwanaheri, aliinua mfuniko wa sufuria la pilau.

"Mchele bado mawe, na kuni zimekwisha. Kimbia kwa Mwanahawa ukakope."

Mwanaheri aliuona moyoni uso wa Mwanahawa kabla hajatoka uani. Aliona mkono kiunoni, akasikia lile neno, mwali. Akageuka, akaingia ukumbini. Kabati la mvule lilitoka ukutani kwa mvuto mmoja, na misumari yake. Akalibeba uani, akachukua shoka.

"Mwanaheri! Una wazimu?" Mama yake alishika kichwa. "La baba yako hilo!"

Shoka lilishuka. Kule barazani wachezaji wakainuka. Mwishehe alifika mlangoni, vidole vyake vinatoa damu kwenye matambara, akabaki hapo hapo. Mvule mkavu, uliokunywa mafuta ya nazi Ijumaa baada ya Ijumaa, ulishika moto upesi.

Mzee Kibwana aliingia na gunia tupu, ametoka kurudisha viatu. Aliziangalia mbao. Alizitambua.

"Na mwakani?" aliuliza. "Kombe likija litakaa wapi?"

"Litangoja mlangoni." Sauti ya Mwanaheri haikuwa ndogo. "Mie nimengoja. Kwani nyie mnadhani watawapa? Mkivaa viatu watataka soksi. Mkivaa soksi watataka ngozi nyingine!"

 Baba yake alisimama akitazama moto mpaka kipande kimoja kikateleza nje ya mafiga. Kilikuwa kile cha katikati, chenye duara alilolikata fundi kwa kipimo cha kombe. Mzee akakirudisha motoni kwa kidole cha mguu.

"Mwishehe," alisema bila kuinua uso. "Mwambie mjomba wako aje kesho na shehe."

Mwanaheri hakumshukuru. Aliinama akapuliza moto, moshi ukamwingia machoni, akaendelea kupuliza mpaka sufuria likaanza kuchemka.