Mharibifu wa Jumamosi

Fundi huyu wa programu hakuwa na ofisi. Alikuwa na chumba alichoachiwa na mama yake, na meza yake ilikuwa ile ya cherehani ya mama. Mashine yenyewe ilikwisha kuuzwa, likabaki tundu katikati ambamo alipitishia nyaya. Kazi alijifunza mwenyewe, na wateja walimjia mmoja mmoja: duka la vipuri, shule ya udereva, muuza dawa wa mtaa wa pili. Kila Jumamosi dada yake alipita hapo akitoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele ya kompyuta na kusema, "Haya, mdogo wangu. Lete nikuharibie."

Na aliharibu kweli. Alikuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya macho, mtu aliyezoea kubana simu kwa bega huku akiandika kwa mkono mmoja, na alibonyeza kama wabonyezavyo watu wenye haraka: mara mbili, mara tatu, kabla skrini haijajibu. Alijaza umri mahali pa namba ya simu. Alifunga dirisha la programu katikati ya kazi akaenda kubandika chai. Programu ikikwama, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwisha habari yake. Tuuzike saa ngapi mzoga huu?"

Fundi alijifanya kununa, akalirekebisha kosa, akamrudishia kiti. Alimbandika jina la Mharibifu. Kazi hiyo ndiyo iliyowakutanisha, kwa sababu mambo mengine, kama talaka ya dada na ukimya wa nyumba isiyo na mama, hakuna hata mmoja kati yao aliyejua pa kuyaanzia.

Kisha akili bandia ikaingia chumbani. Fundi hakuwa mtu wa pupa. Aliipa kazi ndogondogo kwanza, akasoma kila mstari iliouandika, akaridhika. Alieleza anachotaka kwa maneno ya kawaida, nayo ikaandika. Zaidi ya hapo, iliandika na majaribio ya kazi yake yenyewe, ikayaendesha, ikamletea safu ya alama za kijani za kufaulu. Taratibu akaacha kusoma kila mstari.

Jumamosi moja dada alivua viatu akakuta hakuna cha kuharibu.

"Imeshajaribiwa," fundi alisema bila kugeuka. "Inajijaribu yenyewe."

"Mpishi anaonja chungu chake mwenyewe, halafu anajisifu?"

"Inaonja kuliko wewe, dada. Mara mia kwa dakika."

Dada alikaa kidogo ukingoni mwa kitanda. "Basi wifi yangu huyo ni hodari," alisema. "Umeoa kimyakimya, hata kadi hukutuletea."

Jumamosi iliyofuata alichungulia tu mlangoni, viatu miguuni. Nyingine akapiga simu. Halafu hakupiga, na fundi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kazi tele, hakuona pengo.

Hata hivyo ni dada huyohuyo aliyemtaja kwa msimamizi wa kliniki walipohitaji programu ya foleni. Fundi na mashine yake waliimaliza upesi. Siku ya mafunzo alisimama mbele ya wafanyakazi akawaeleza kitufe cha Subirisha: mgonjwa akiomba kutoka kidogo unambonyezea, akirudi unamrudisha mahali pake. Dada alikuwa mstari wa mbele. Alibonyeza, akabonyeza tena, akaitazama skrini kwa muda.

"Kuna swali?" fundi alimuuliza, kwa upole wa kumuuliza mgeni.

"Hakuna. Endelea, mwalimu."

Mpasuaji wa macho alikuwa akija kutoka mbali, mara chache kwa mwaka. Siku aliyokuja, dada alipelekwa ghorofani kuwaandaa wagonjwa, na mezani akakaa mwenzake. Mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa na jicho moja tu linaloona, nalo lina presha. Aliomba kwenda msalani. Yule mwenzake akambonyezea Subirisha, skrini ikachelewa, akabonyeza tena. Baadaye hakuliona jina la mzee popote, akadhani ameshaingia kwa mpasuaji. Mzee alikuwa amerudi, amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kofia magotini. Hakutaka kusumbua watu. Foleni ilipokwisha kwenye skrini, mpasuaji alivua glavu akaondoka kuwahi safari. Mfagiaji ndiye aliyeuliza, "Baba, unamngoja nani?"

Ilibidi mzee angoje ujio mwingine wa mpasuaji, na jicho halikungoja.

Msimamizi hakufoka. "Alikaa pale," alimwambia fundi, akionyesha kiti. "Sote tulimpita. Programu yako ilisema hayupo, tukaiamini."

Kosa lenyewe lilikuwa jepesi. Ukibonyeza mara mbili, jina lilitoka kwenye foleni na halikuingia popote. Majaribio ya mashine yalibonyeza mara moja, siku zote, kwa adabu. Fundi alitaka kuikasirikia mashine akakosa pa kuanzia, kwa kuwa ilifanya alichoiambia.

Alimkuta dada nyuma ya kliniki, akianua mataulo kambani.

"Wewe hubonyeza mara mbili," alisema. "Uliona?"

"Siku ileile ya mafunzo."

"Ukanyamaza."

"Nikajizoeza kubonyeza mara moja." Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja upya. "Nilisema, ana mtaalamu wake, mimi nani? Nilitaka kosa hilo siku moja likuaibishe. Wewe, mbele za watu. Si baba wa watu yule."

"Ungeniambia tu, dada."

"Ungeniuliza tu."

Fundi alilirekebisha kosa, akamwomba aje Jumamosi. Alikuja. Hakuvua viatu. Aliketi, akasoma kila neno kwenye skrini kama mtu anayesoma mkataba. Alibonyeza mara moja, akangoja, akaenda kwenye kitufe kinachofuata. Umri aliuweka mahali pa umri.

"Bonyeza kama zamani," fundi alisema. "Iharibu."

Alibonyeza mara mbili, kwa kuwa ameambiwa. Programu ikastahimili.

"Sawa. Inafanya kazi."

"Hakuna kingine?"

"Sijaona kingine." Alikwisha kutundika mkoba begani. "Chai nitakunywa nyumbani."

Fundi alimsikiliza akishuka ngazi mpaka mlango wa chini ukajifunga. Kliniki ilikuwa inaisubiri programu. Alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la dada, akaanza kubonyeza ovyo, haraka, mara mbili, mara tatu, akijaribu kukumbuka vidole vya dada vilikuwa vinakwendaje. Haikukwama popote, na hilo halikumtuliza.