Goti la Lamont Pettiway

Lamont Pettiway alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo aliichezea timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Buffalo. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga bandeji goti la kushoto. Sikusomea kazi hiyo. Nilianza na mabondia Detroit, nikaenda kufunga miguu ya farasi Kentucky, mwisho nikaangukia kwa watu warefu.

Alhamisi ile ya Februari, saa tisa alasiri, ndio ulikuwa mwisho wa timu kubadilishana wachezaji. Timu moja ya Arizona ilimtaka Lamont, nayo itupe vijana wawili wenye miguu mizima. Lakini mkataba wake ulisema hapelekwi popote bila sahihi yake. Asubuhi meneja wetu, Corinne Haske, alimwita akamwambia wazi: akikimbia na kuruka mbele yake sawasawa, habari ya Arizona imekwisha. Akishindwa, ataombwa atie sahihi.

Akaja kwangu, kwenye chumba cha matibabu, akapanda kitandani, akaniomba nimkaze kuliko siku zote. Nilimwambia damu haitapita. Akasema damu itapita kesho.

"Mama yangu kazikwa hapa, mzee. Sitaki kwenda kumalizikia jangwani kama ngamia."

"Na hapa kwenye theluji, ngamia anafanya nini?"

Alicheka kidogo. Nikamkaza. Nimefunga magoti mengi yapone, na mengine yavumilie, ila lile nililifunga lidanganye.

Likadanganya vizuri. Alikimbia uwanja mzima mara sita, akaruka, akaupachika mpira kwa mkono mmoja mpaka chuma cha kikapu kikalia. Vijana waliacha mazoezi yao wakamtazama. "Babu kafufuka," mmoja akasema, na hakuna aliyecheka, maana ilikuwa kweli. Corinne alikuwa amekaa safu za juu kabisa za watazamaji. Akampungia mkono apande waongee. Lamont alipanda ngazi mbili mbili. Niliwaona wakishikana mikono, nikajua tumeshinda.

Kisha akashuka.

Goti bovu likipata moto hukimbia, huruka, na kupanda hupanda. Kushuka ndiko kunakolishinda. Ngazi ya tatu tu akageuka ubavu kama kaa, akashika chuma cha pembeni, akawa anatanguliza mguu mbovu umenyooka, mzima unaufuata ngazi ileile. Na uso wake ulikuwa unatabasamu. Nadhani hakujua kabisa anavyoshuka. Ndivyo anavyoshuka kwake kila asubuhi. Corinne alisimama pale juu, akavua miwani.

Alitufuata chumbani kwangu, karatasi mkononi.

"Unashuka kama baba yangu," akamwambia.

"Baba yako ana miaka mingapi?"

"Themanini na moja."

Lamont akanigeukia. "Mzee Orrin, wewe ndiye unayelijua hili goti. Mwambie nitafika Aprili, mwisho wa msimu."

Nimehama miji kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja ulionishika shati nibaki. Nilitamani kwa moyo wote huyu abaki.

"Hufiki, mwanangu," nilisema. "Nimekukaza ili usisikie. Bila hivyo usingemaliza mzunguko wa pili."

Corinne hakunitazama. Alimwambia Lamont hakuna wa kumlazimisha. Akikataa atabaki, atakaa benchi na suti yake, na watu watampigia makofi kila atakapoingia. Arizona walikuwa wameshaona picha za goti, nao watamchezesha dakika kumi kumi, basi.

"Na hao vijana wawili," Lamont akauliza, "wanajua kukaba?"

"Mmoja anajua."

Aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka juu ya paja lake akatia sahihi. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Corinne akamshika bega, akatoka haraka.

Lamont akanyoosha mguu kitandani. Nilichukua mkasi nikaanza kukata bandeji, tabaka kwa tabaka. Chini yake ngozi ilikuwa imegeuka kijivu. Nilimwambia damu ikirudi itamuuma.

"Acha iume," akasema.