Bluu ya Mama Yao

Kazi yangu ni kunyoosha rangi za televisheni majumbani kwa watu. Nikisema hivyo wananicheka: si unabonyeza rimoti tu? Haya, bonyeza basi tuone.

Juzi dada mmoja anayeishi mbali akanipigia: nenda kwa baba yangu, televisheni yake imekuwa bluu tupu. Nikaenda. Mzee yuko peke yake, sebule safi kupita kiasi, na kwenye kioo msomaji habari ana uso kama samaki wa kwenye friji.

"Huyu kafa lini, mzee?" nikamtania.

"Kafa lakini anasoma vizuri kukushinda. Fanya kazi, fundi."

Akaenda zake jikoni. Nikafunga mapazia, nikaning'iniza kipimo cha rangi mbele ya kioo. Mimi huanza kwa kufuta mipangilio yote ya zamani, ndipo napima upya. Nikafuta. Baada ya saa moja na nusu nyasi zikawa nyasi, ngozi ikawa ngozi. Nikapiga picha nne za kujisifia mtandaoni, nikamwita.

Akasogea karibu na kioo.

"Ile ya mama yao iko wapi?"

"Ipi, baba?"

"Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho. Kila kitu anakiona cha njano. Akawa anaongeza bluu, leo kidogo, mwezi ujao kidogo, mpaka anafariki. Nilidhani utarekebisha rangi nyingine tu, yake utaiacha."

Simu mkononi mchana kutwa, na ile mipangilio ya zamani sikuipiga picha hata moja.

Tukaanza kuitafuta. Naongeza, namwangalia.

"Zaidi. Hapana, hapo alikuwa bado ananung'unika. Rudi."

Tulihangaika mpaka kidole kikaniuma. Mwisho akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Tunajisumbua. Mimi macho yangu mazima. Nilikuwa naona bluu tu. Alichokuwa anakiona yeye sikukijua hata siku moja."

Nikaanza kukunja waya wa kipimo.

"Nionyeshe pa kuongezea," akasema. "Binti akipiga, mwambie imepona."

Nikamwonyesha. Wakati navaa viatu mlangoni, alikuwa anaongeza namba moja, anatazama, anaongeza nyingine.